Video Ipi Imfae Corrine

Benchi letu liko nje ya ukumbi wa michezo wa kanisa la Oak Hollow, hapa Missouri, na kila Alhamisi asubuhi linabeba wazazi ambao hawana imani na shule yoyote isipokuwa ile wanayoiendesha wenyewe mezani jikoni. Ndani, watoto wetu wote wa ushirika huu wa wanaosomea nyumbani wanapasua chura na kukariri Kilatini. Nje, sisi wakubwa tunakunywa kahawa ya chupa na kutatua matatizo ya dunia. Wiki ile tatizo lilikuwa moja. Corrine, binti wa Shelby, alikuwa amefeli hesabu kwenye mtihani wa kuingia chuo cha utabibu wa wanyama, na amebakiza nafasi moja tu, mwezi wa nane. Shelby alikuja hajachana nywele, akatuomba tumchagulie video nyingine ya aljebra, maana tatu alizonazo zimeshindwa. Kuliomba ushauri benchi lile ni kujitafutia balaa, lakini mama wa watu angefanyaje.

Wa kwanza kuweka kikombe chini alikuwa Royce, fundi wa viyoyozi. Tunamwita Injinia kwa sababu ndivyo anavyojiita mwenyewe.

Injinia: Shelby dada yangu, tatizo lako ni sura. Yule mwalimu wa video yako ya pili ana ndevu. Sasa mtoto aangalie namba au aangalie ndevu?

Shelby: Corrine hajawahi kulalamikia ndevu.

Injinia: Atalalamikaje na zimeshamwingia akilini? Mimi wangu nimewachukulia ile ya mkono mtupu. Unaona mkono, unaona kalamu, basi. Hamna uso, hamna shati, hamna upuuzi.

Mama Tisa: Mkono wa nani?

Injinia: Wa kampuni.

Mama Tisa ni Loretta. Ana watoto tisa, na hapo benchini huwa haongei mpaka kwanza amwage mapajani rundo la soksi za kutafutiwa jozi.

Mama Tisa: Mambo ya mikono siyataki. Wangu wanaangalia video kwa kasi maradufu, somo linaisha uji haujapoa. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mimi: Loretta, hiyo methali inasema uende pole.

Mama Tisa: Inasema mla nyama. Mimi nina midomo tisa inayotaka nyama.

Shelby: Na wanaelewa?

Mama Tisa: Wanamaliza. Juzi kwenye maonyesho ya vitabu tukakutana na yule mwalimu mwenyewe wa kwenye video, ana kwa ana. Jesse wangu akamsikiliza anavyoongea, akaninong'oneza, mama, huyu amepata kiharusi lini?

Hapo Mzee Kanda akakohoa, na akikohoa ujue tunarudi nyuma miaka arobaini. Jina lake Harlan. Anasomesha wajukuu kwa kanda zilezile alizomsomeshea baba yao, na mashine ya kuzichezea anaifunika kitambaa cha kufuma.

Mzee Kanda: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mwalimu wangu hajabadilika tangu siku ya kwanza.

Injinia: Si alishakufa, mzee?

Mzee Kanda: Ndo uzuri wake huo. Hachoki, hapandishi sauti, hahamii kampuni nyingine.

Mama Tisa: Kwa hiyo wajukuu zako wanafundishwa na mzimu.

Mzee Kanda: Mzimu mwenye subira. Wewe unamjua mwalimu hai mwenye subira?

Hatukumjua. Shelby akajaribu kuturudisha kwenye mada.

Shelby: Jamani, huyu mtoto anazalisha mbuzi wa majirani tangu ana miaka kumi. Daktari wa mifugo mwenyewe anampigia simu aje amsaidie. Akishindwa mara hii, chuo basi tena.

Maneno hayo yalinichoma, nasema kweli. Injinia hayakumfikia, kwa sababu alikuwa ameshapata wazo jipya na masikio yake hayafanyi kazi mbili.

Injinia: Sikilizeni. Kila kampuni inatoa somo la kwanza bure, sawa? Sasa chovya chovya humaliza buyu la asali. Corrine aangalie somo la kwanza la kila kampuni. Akichovya zote, si aljebra yote imekwisha?

Mimi: Royce, somo la kwanza ni lilelile kwa wote. Kuna namba hatuijui, tunaiita x.

Injinia: Basi ataijua kuliko sisi wote.

Mama Tisa: Bora umchezee video usiku akiwa amelala. Ubongo uliolala hauna ubishi.

Mzee Kanda: Nyie mnaichezesha vibaya tu. Aljebra ni nini? Umepewa jibu, unarudi kutafuta swali. Kwa hiyo kanda ichezwe kinyumenyume.

Injinia: Sasa hapo mzee umeongea.

Shelby: Nichague ipi?

Mama Tisa: Yoyote, ila usiingilie. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nimeuachia ulimwengu, una intaneti.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mgeni, Terrell Voss, mkulima wa soya, aliyemtoa mwanawe shule majuzi tu na Alhamisi ile ndiyo ilikuwa yake ya kwanza. Muda wote alikuwa ameishika donati yake bila kuiuma.

Mgeni: Samahanini, mimi ndo kwanza naanza. Video ikiisha na mtoto hajaelewa, anamuuliza nani?

Injinia akafungua mdomo.

Injinia: Kuna ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Alilisema hilo, akalisikia mwenyewe, akakiokota kikombe chake. Mama Tisa alikuwa na soksi mbili zisizofanana mkononi na akazikunja pamoja hivyohivyo. Nikainua chupa nimwongezee mtu kahawa, yeyote yule, na chupa ilikuwa tupu.

Shelby: Aliniuliza mimi.

Mgeni: Ukamwambiaje?

Shelby: Nikamwambia arudishe video nyuma.

Mgeni: Akarudisha?

Shelby: Kila mara. Halafu siku moja akaacha kuniuliza, nikadhani ameelewa.