Fransiska Qamara na Mkono wa Kushoto wa Hermani

Wasikilizaji wapendwa, mlio Katesh na mlio Dongobesh, mlio shambani Bashay na mlio njiani kurudi Mogitu, tunawakaribisha tukae kidogo na jina moja. Fransiska Qamara wa Endagikot. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na sita. Alikuwa mkulima wa vitunguu saumu. Alikuwa pia mwenyekiti wa mashabiki wa besiboli Endagikot, na mbishi anayejulikana wilaya mbili, Mbulu na Hanang.

Baba yake alilima mahindi pembeni mwa msitu. Nyani walishuka kila asubuhi, na kazi ya Fransiska ilikuwa kuwafukuza kwa mawe. Kaka yake, mzee Onesphory, anasema, "Mimi nilikuwa napiga kelele. Yeye alikuwa anapiga nyani."

Miaka ya tisini, biashara ilipofunguliwa na mkulima akaruhusiwa kuuza anapotaka, Fransiska alipeleka saumu yake mwenyewe hadi Arusha. Wanaume walimcheka. Saumu hiyo ikasomesha watoto wanne. Manyara ilipofanywa mkoa, mwaka 2002, mama huyu alikuwa ameshazoea kusimama kwenye mkutano na kusema, "Hapana, sikubali, na sababu ni hii."

Besiboli ilifika Endagikot mwaka 2013, kwa mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo na kukimbia, na nyuma yake yupo mdakaji wa kuudaka kwa glovu. Fransiska alikuwa anapita na punda wake. Akasimama. Punda na mzigo wake wakasimama mpaka mchezo ukaisha.

Baada ya miaka mitatu timu zilikuwa nne. Kila Desemba, vijana wakimaliza kidato cha nne, timu huwachagua kwa zamu, wa kijiji chochote, na timu iliyoburuza mkia huchagua kwanza. Mwaka 2016, wasikilizaji wapendwa, iliyoburuza mkia ilikuwa Endagikot.

Wiki mbili watu hawakuongea kingine. Karibu kila mtu alimtaka Felician wa Mogitu, kijana mrefu, mpira wake ulikuwa unavuma kama nyuki. Fransiska alimtaka Hermani wa Bashay, mwembamba, anayerusha kwa mkono wa kushoto. Sokoni Mbulu alikutana na Mudathir Shumbana, muuza vitenge na shabiki mkubwa wa Dongobesh.

"Mama Marieta," Mudathir akamwambia, "mkimwacha Felician mmetupa ubingwa bure."

"Baba Raudha, umemwona akirusha mara ngapi?"

"Mara kumi. Zinatosha."

"Mimi nimemhesabia hamsini. Kuanzia ya thelathini bega linashuka. Yule kijana anaumia, na hasemi."

Kocha wa Endagikot, Maximilian, alikuwa na wasiwasi. Akamwambia, "Mama, nikikusikiliza tukafungwa, watanifukuza." Fransiska akamjibu, "Wakikufukuza wewe, na mimi natoka." Siku ya kuchagua ikafika. Endagikot ikamtaja Hermani. Dongobesh, waliokuwa wa pili kuchagua, wakamchukua Felician huku wakicheka.

Mechi ya kwanza Endagikot ilifungwa kumi na nne kwa mbili. Watu walimzomea Hermani. Kesho yake akarudisha jezi. Wengine wakataka Fransiska aachie kiti.

Alipanda kwa miguu hadi Bashay. Hermani mwenyewe anasimulia: "Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia, marahaba mwanangu. Halafu akainama, akaanza kung'oa saumu na mama yangu mpaka mchana. Ndipo akaniambia, 'Juzi ulirusha ukitazama watu. Tazama glovu ya mdakaji. Kama hutaki mchezo, sema hutaki. Lakini usiache kwa maneno ya wale watu. Yale ni ya kwangu, mimi ndiye niliyekuchagua.'"

Hermani akaichukua tena jezi.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa Endagikot na Dongobesh. Atakayeshinda ni bingwa. Felician alirusha vizuri mpaka katikati ya mchezo. Kisha akarusha mpira mmoja, akalishika bega, akapiga magoti. Mashabiki wake wakampigia kelele kwamba amewauza. Mashabiki wa Endagikot wakaanza kushangilia.

Fransiska aliwageukia watu wake. "Kaeni chini. Huyo ni mtoto wa mtu."

Akavuka uwanja. Akavua khanga ya mabegani, akaufunga mkono wa Felician kifuani. Mudathir akaleta gari lake, wakampeleka hospitali. Njiani Mudathir akasema, "Mama Marieta, ulituambia."

"Ningefurahi kukosea, Baba Raudha."

Huku nyuma Hermani alirusha mpaka mpira wa mwisho. Endagikot ikashinda, tano kwa nne. Fransiska hakuuona ushindi ule, alikuwa kwenye benchi la hospitali na kijana wa timu pinzani.

Si kwamba hakukosea kamwe. Kijana mmoja, Margwe, aliitwa mvivu na Fransiska mbele za watu. Margwe akawa mpigaji bora misimu miwili. Fransiska alibeba debe la viazi hadi kwao, akamwomba radhi, hilo pia mbele za watu.

Felician alipona, lakini hakurusha tena. Leo anawafundisha warushaji wa Endagikot. Yeye na Fransiska walizishawishi timu zote nne zikubali sheria moja: hakuna kijana kurusha zaidi ya mara sitini kwa siku. Na Hermani, yule wa mkono wa kushoto, alivaa jezi ya mkoa wa Manyara mwaka 2018. Siku hiyo, anasema bintiye Marieta, mama alivaa gauni la kanisani akaenda nalo uwanjani. "Alituambia, 'Leo nimevaa hivi kwa sababu Bashay imefika mbali.'"

Moyo ulimsumbua miezi mitatu. Mudathir alikuja kumwona Jumapili, wakabishana kuhusu vijana wa mwaka huu. Tulipomtafuta jana alisema, "Nimebishana na yule mama miaka na miaka. Hajawahi kunitukana. Sasa nikisema upuuzi, nani atanirekebisha?"

Fransiska Qamara atazikwa kesho saa nane mchana, nyumbani kwake Endagikot. Timu zote nne zimeahirisha siku ya kuchagua ili ziwepo. Poleni sana mzee Onesphory, Marieta na wadogo zako, poleni wana Endagikot, poleni na ndugu zetu wa Dongobesh. Mungu ampumzishe mama yetu.

Nasi tuliobaki tujiulize jambo. Pengine nyumbani kwako, au darasani kwako, yupo kijana ambaye umeshamkatia hukumu kwa kumtazama mara kumi. Wasikilizaji wapendwa, mtazameni mara hamsini.