Siku Ambayo Mama Faustine Wabiwa Hakutaka Irukwe

Mama Faustine Wabiwa, tunayemsindikiza leo Jumamosi, tarehe 15 Machi 2008, hapa Houston, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 huko Lulingu, Shabunda, katika Kivu ya Kusini. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Kisanga na Mama Sifa, wote wawili wametangulia.

Alisoma shule ya msingi ya misioni pale Lulingu, kisha akapelekwa kwa masista Bukavu, alikopata diploma ya ualimu mwaka 1978. Alirudi kufundisha darasa la kwanza mjini Shabunda, na kazi hiyo aliifanya mpaka vita vilipofunga shule. Wengi walioko Shabunda leo wanaojua kuandika majina yao, walishikwa mkono naye.

Mwaka 1981 alifunga ndoa na Bwana Lévi Mulonda, seremala. Lévi alikuwa ameitwa shuleni kutengeneza meza ya mwalimu. Meza ikaanza kuyumba, akaitwa tena. Akaitengeneza, ikayumba upya. Safari ya tatu Mwalimu Faustine akamwambia, “Fundi, kama unanitaka, sema. Uache meza ya watu.” Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwishoni mwa mwaka 1999 aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto. Alipasuliwa Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2000, akaambiwa ni saratani na kwamba lazima arudi kuanza dawa. Akaenda kwanza Shabunda kuwaona watoto. Akiwa huko, wapiganaji wa msituni wakauzunguka mji. Ndani kulikuwa na askari, nje kulikuwa na wapiganaji, na raia walikuwa katikati. Barabara ilikatika. Ndege chache zilizotua hazikubeba wagonjwa. Aliyekwenda shambani kutafuta mihogo hakuwa na hakika ya kurudi.

Mama Faustine alisema baadaye kwamba njaa aliizoea, na milio ya bunduki aliizoea, ila hakuweza kuzoea kungoja. Kutwa nzima mkono wake ulikuwa kwapani, akitafuta uvimbe mwingine. Chakula, hata sombe ya majani ya muhogo, aliwasukumia watoto. “Mimi niko mutu wa kufa,” alisema, “musinipotezee sombe.” Majirani walimwombea na kumwambia asiwaze, naye akazidi kunyamaza.

Aliyemtoa katika ukimya huo ni jirani yake Généreuse, aliyekuwa na saratani ya kizazi. Hakumfariji. Alikuja tu akaketi, akasema, “Mimi naogopa. Na wewe?” Tangu hapo walikaa pamoja kila alasiri. Wengine wakajiunga, akiwemo Anastasie, mjane aliyekuwa na uvimbe shingoni. Walikuwa na sharti moja: kila mtu aseme linalomtisha, na asiwepo wa kumwambia “usiwaze”.

Généreuse alifariki Novemba mwaka huo bila dawa ya maumivu. Mama Faustine alimwosha. Siku iliyofuata aligawa nguo zake mwenyewe, akashika njia ya mashambani, kupita nyumba za mwisho. Lévi alimwona, akamfuata.

“Unaenda wapi?”

“Kuchuma sombe.”

“Na kikapo iko wapi?”

Hakuwa na kikapo. Alikuwa anakwenda kuuawa. Aliketi chini njiani, na Lévi akaketi karibu naye mahali pale pa hatari. “Mimi sitakukokota,” alimwambia. “Lakini sirudi peke yangu.” Walikaa hadi Mama Faustine aliposema watoto hawajala, wakainuka.

Kesho yake Anastasie alikuja na wenzake. “Mwalimu, weye ulitukataza kufichana. Sasa ongea.” Akaongea.

Familia isingelisema hili hapa kama si yeye. Mwezi uliopita alimwambia binti yake Clarisse, “Mukisoma maisha yangu, musiruke ile siku.”

“Mama, people watasema.”

“Waseme. Kuko mutu ataikala pale na kansere yake, anawaza kama vile nilikuwa nawaza. Asifikiri ni yeye tu.”

Baba Lévi aliamua isomwe.

Mwaka 2001 njia ya ndege ilifunguka kidogo, akafika Bukavu, kisha Kampala, alikotibiwa. Familia ilipokelewa Houston mwaka 2004, ikaanzia mtaa wa Gulfton. Kwenye kliniki moja daktari alimuuliza, kupitia mkalimani wa simu, kama anasikia sauti. Akajibu ndiyo, kila siku. Zinasema nini? “Sijui. Ziko naongea Kihispania.” Daktari alikuwa tayari kumwandikia dawa ya wendawazimu, lakini muuguzi Mkenya, Kerubo, akauliza, “Sauti za nani, mama?” Zilikuwa za watoto wa ghorofa ya juu. Walicheka wote. Kisha Kerubo akamuuliza, “Na moyo wako, uko aje?” Hapo Mama Faustine akalia, na urafiki wao ukaanza. Tangu hapo, kila Jumamosi, waliwakalisha wagonjwa pamoja nyumbani kwa Kerubo, mtaa wa Alief, kwa sharti lilelile la Shabunda.

Saratani ilirudi kwenye mifupa mwaka 2006. Safari hii dawa zilikuwepo, na barabara zilikuwa wazi. Aliogopa, akasema anaogopa, akala, akalala. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2008, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Bwana Lévi Mulonda, watoto Clarisse, Heritier na Zoé, mjukuu mmoja, na dada yake Matumaini, aliyeko Bukavu. Ameacha pia Anastasie, ambaye bado yu hai Shabunda na ametuma salamu zake.

Jumamosi ijayo wagonjwa watakutana Alief kama kawaida. Mwenye kuogopa aje.

Mungu ampumzishe Mama Faustine kwa amani, mahali pasipo na kungoja.