Tiara Iliyorushwa Nje ya Makaburi

Amani iwe nyumbani mwenu, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Don Eliseo Tubac wa hapa Sumpango, fundi wa tiara, aliyetutoka Jumanne alfajiri. Don Eliseo, mume wa Doña Marcelina. Don Eliseo, baba yake Ofelia.

Ofelia alikwenda kaskazini kutafuta kazi akiwa na miaka kumi na tisa. Alipiga simu mara moja, karibu na jangwa la mpakani. Hakupiga tena. Hakuna kaburi, hakuna habari.

Kila Sikukuu ya Watakatifu Wote tunarusha tiara makaburini, ili marehemu wetu wajue hatujawasahau. Don Eliseo aliwatengenezea watu wote. Ya Ofelia hakuitengeneza.

Doña Marcelina anakumbuka: "Dada zangu walimsema sana. Walimwambia, mwache mtoto apumzike. Akawajibu, nani kawaambia amechoka?"

Mimi nilisoma na Don Eliseo shule ya jioni, katika ukumbi wa parokia. Wanafunzi wenye mvi, sote wawili. Tulianza kwa sala, kisha aljebra. Yeye aliletwa na tiara. Aliongeza upande wa tiara mara mbili, akanunua karatasi mara mbili, zikaisha kazi ikiwa nusu. Mwalimu Araceli akamwonyesha: upande unajizidisha wenyewe, kwa hiyo ukiwa mara mbili, karatasi ni mara nne.

"Kumbe!" akasema. "Na mimi miaka yote nawatukana wauza karatasi!"

Jioni moja mwalimu aliandika ubaoni: tiara ya mraba ina eneo la mita tisa za mraba, upande wake ni ngapi? Tatu, tukajibu. "Na hasi tatu," akasema. "Hesabu ya kipeo cha pili ina majibu mawili. Ila hasi tatu tunaitupa. Hakuna tiara yenye upande hasi."

Don Eliseo akainua mkono. "Unaitupa baada ya kuangalia, mwalimu?"

"Ndiyo, Don Eliseo. Kwanza unaangalia."

"Basi mimi bado sijaweza kuangalia."

Sote tulijua anamsema nani.

Mwaka juzi, wasikilizaji wapendwa, alimtengenezea Ofelia tiara. Hakuirusha siku ya marehemu, wala hakuirusha makaburini. Alingoja sikukuu ipite, akaenda shambani kwake, upande wa kaskazini. Katikati ya tiara alikuwa ameandika: *Mlango ni uleule.* Alitaka ipande mita mia, ionekane mpaka barabara kuu. Nilikuwepo. Shemeji yake, Don Chepe, alishika kigurudumu cha uzi.

"Mita mia zimeisha, shemeji. Umefika! Twende tukanywe uji."

Don Eliseo akatazama kipimapembe chake. "Uzi umelala, wewe. Digrii thelathini. Sini yake ni nusu. Tuko hamsini tu."

"Hamsini haitoshi? Unataka kumgongea Mtakatifu Petro?"

"Huko siendi leo. Funga uzi mwingine."

Don Chepe akaunga mita mia nyingine, akinung'unika. Tiara ikapanda ikawa kama stempu. Don Eliseo aliishika hadi jua likazama, midomo ikisali kimya. Nilimsikia akisema, "Sasa akitazama, ataiona."

Barabara ilikuwa na magari mengi. Hakuna lililosimama.

Juzi, kabla ya mazishi, padre aliuliza kama jina la Ofelia lisomwe pamoja na marehemu wa familia. Doña Marcelina akatikisa kichwa. "Hapana, padre. Msome pamoja na wafiwa."

Wasikilizaji wapendwa, usiku huu kila mmoja wetu amtaje mbele za Mungu mtu anayemsubiri. Amtaje kwa jina, bila kumwamulia alipo.

Pole sana, Doña Marcelina. Pole, Don Chepe, na ukoo wote wa Tubac. Na wewe, Ofelia, popote ulipo: pole, binti yetu. Umefiwa na baba.