Penseli ya Hiram Oshita

Wasikilizaji wapendwa, aloha na karibuni. Punguzeni moto jikoni, mwambieni na jirani azime mashine yake ya kukata majani, mnitegee sikio. Leo nina msiba na nina hasira, na sitaficha hata kimoja.

Hiram Oshita amefariki. Amefariki Jumanne nyumbani kwake Waialua, akiwa na miaka sitini na sita. Alikuwa mchonga mbao za kutelezea mawimbi. Narudia, maana najua wengi wenu mnaulizana, "Hiram yupi?" Hiram Oshita, mchonga mbao. Kwa miaka thelathini na moja alichonga. Na kwa miaka hiyo yote, kila ubao uliotoka mikononi mwake ulitoka na jina la mtu mwingine.

Jina hilo mnalijua. Kip Vandery, bingwa wa kuteleza mawimbini. Picha yake iko ukutani kwenye kila mgahawa wa pwani hii, yuko ndani ya wimbi, kaachia mikono kama mtu anayesubiri basi.

Ilianza hivi. Hiram alikuwa na miaka ishirini na tatu, mtoto wa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari, mama yake Mhawaii wa hapahapa. Vandery alikuwa ametoka kushinda mashindano makubwa. Watu wakataka mbao zake, kuanzia Japani mpaka Australia. Na tuseme ukweli, Vandery hakuwa na mikono ya kuchonga. Mikono yake ilikuwa ya kupungia watu. Akamfuata Hiram, ambaye alikuwa akiwachongea rafiki zake uani kwa mama yake.

"Hiram, we chonga tu. Ila andika jina langu."

"Kwa nini nisiandike langu?"

"Bwana wee, nani atapanda ndege kuja kumtafuta Oshita?"

Hiram alicheka. Mkewe Lorna alikuwa mjamzito. Akakubali.

Nyinyi mnaoingia majini mnajua desturi. Ubao ukishachongwa, kabla haujavikwa faibaglasi, kitambaa cha nyuzi za kioo, mchongaji huchukua penseli. Mwili wa ubao ni povu gumu jeupe, na katikati yake unapita ukanda mwembamba wa mti, ndio uti wa mgongo wa ubao. Hapo huandika vipimo, halafu hutia sahihi. Kisha gundi humwagwa juu. Ikikauka, imekauka. Hakuna raba itakayofika pale.

Hiram aliandika "Kip Vandery" kwa mkono wake mwenyewe, siku nenda siku rudi, miaka thelathini na moja.

Chumba chake kilikuwa kidogo, kuta za buluu iliyokolea, hakina dirisha. Taa mbili ndefu tu, moja kila upande, zimefungwa usawa wa kiuno. Taa ikipiga kwa ubavu, kivuli kinakuonyesha kila kilima kwenye povu. Hiram alitembea na randa kutoka puani hadi mkiani mwa ubao, anarudi, anatembea tena. Halafu msasa. Halafu anafumba macho na kupitisha viganja kingoni. Anti Lorna, mkewe, ameniambia hivi: "Hata kitandani alikuwa ananipima bega. Namwambia, we mzee, mimi sina pua wala mkia, lala!"

Jioni alirudi mweupe kwa vumbi la povu, kuanzia nywele hadi kandambili. Binti yao Keala akiwa mdogo alikuwa akipiga kelele barazani, "Mama, mzimu umekuja!" Lorna alimvua nguo hapohapo nje na kummwagia maji ya mpira. Kwa nywele maji yalitosha. Kwa mapafu hayakutosha. Miaka ile barakoa ilikuwa ya karatasi, na siku nyingi haikuwepo.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo pananiuma.

Keala alipotimiza miaka kumi na mitatu, baba yake aliamua kumchongea ubao. Si wa kazi ya Vandery. Wake, nyumbani, Jumapili, kwenye gereji. Futi sita kamili, wa manjano, mkia mpana kwa sababu mtoto alikuwa na miguu mizito kama ya bibi yake. Ulimchukua Jumapili tano. Katika miaka hiyo yote, ndio ubao pekee ambao Hiram hakuutengeneza kwa amri ya mtu.

Siku ya sherehe mezani kulikuwa na laulau, nyama iliyopikwa ndani ya majani, na keki ya nazi. Keala akaukumbatia ubao, akaugeuza, akasoma penseli. Akamtazama baba yake.

"Baba, mbona umeandika Kip Vandery?"

Mkono ulikuwa umezoea. Aliandika vipimo, akaandika "Kwa Keala," na penseli ikaendelea yenyewe kwenye njia yake ya kila siku. Hakuona hata alipouvika ubao gundi.

Anti Lorna anasema Hiram alitoka, akakaa kwenye ngazi mpaka wali ukapoa. Keala akamfuata.

"Nitakuchongea mwingine," Hiram akasema.

"Sitaki mwingine. Mimi si najua ni wako?"

Mwingine hakuuchonga. Wala hakuwahi kujichongea wa kwake. Kisha ikaja mashine ya kompyuta ya kuchonga mbao. Watu wa Vandery waliipimisha mbao zake, ikayajua maumbo yake yote, naye akapewa keki na kuambiwa asante. Mapafu yakaanza kumdai.

Mwaka huu jumba moja la makumbusho kule Honolulu limeandaa maonyesho ya mbao za Vandery. Mbao ishirini na mbili. Hiram alikuwa kitandani, mpira wa hewa puani, akaona picha za mbao hizo gazetini. Akaziwekea kidole moja moja. "Huu nilichonga wiki aliyofariki mama. Huu ulinitesa kwenye kingo. Huu, Lorna, huu angalia!"

Anti Lorna akafunga safari ya makumbusho. Hakwenda kudai kitu ila jina. Kikaratasi kidogo tu ukutani: mchongaji, Hiram Oshita. Alitaka mumewe akione angali hai.

Bibi wa ofisini alimpokea vizuri. Akamwuliza, "Una ubao wowote wenye sahihi ya mumeo?"

Upo mmoja tu Hiram aliochonga kwake. Lorna akafungua shuka, akauonyesha ule wa manjano. Yule bibi akasoma, macho yakamng'aa.

"Kumbe Bwana Vandery alimchongea binti yenu! Mama, mnaweza kutuazima?"

"Ni mume wangu aliyeuchonga. Huo ni mwandiko wake."

Akatoa mkobani orodha ya sokoni ambayo Hiram aliiandika. Kabichi, nyama ya kopo, karatasi za choo. Herufi K ya kabichi na K ya Kip, mguu uleule, mkunjo uleule. Yule bibi akalinganisha. Akamwita mwenzake. Wakanong'ona. Akarudi na sauti nyingine kabisa.

"Samahani mama. Mumeo alikuwa na tabia ya kughushi sahihi za watu?"

Wasikilizaji, Anti Lorna aliinuka. Alifunga shuka, akabeba ubao, akarudi Waialua. Vandery alipopigiwa simu na ofisi ile alisema sahihi zote ni zake. Basi, yakaisha.

Hiram alimwuliza, "Wamesemaje?" Akamweleza. Hiram alicheka mpaka akakosa pumzi. Alipoipata akasema, "Mwambie Kip anirudishie mapafu yangu. Jina abaki nalo."

Siku kumi na moja baadaye alifariki. Maonyesho yanaendelea, na kikaratasi hakipo.

Nimesema nina hasira, na mtadhani namkasirikia Vandery peke yake. Hapana. Mwaka jana nilikutana na Anko Hiram sokoni, anakokota kile kichupa chake cha hewa. Ubao wangu ulikuwa juu ya gari. Akausogelea, akapitisha kiganja kwenye ukingo taratibu sana. Akaniuliza, "Pua haizami?"

Nikamjibu kwa majigambo, "Haizami, Anko! Huu ni Vandery halisi. Yule bwana ni fundi!"

Akasema, "Vizuri." Akaenda kununua mayai yake.

Jumamosi saa mbili asubuhi tutaingia majini Haleiwa kumwaga majivu yake. Njooni na mbao zenu. Lakini kabla ya kuingia, geuza ubao wako, kwangua nta ya kushikia miguu, soma penseli. Kisha jiulize ni nani hasa amekubeba miaka yote hii, na kama uliwahi kumsalimu kwa jina.

Anti Lorna, Keala, poleni sana kwa msiba. Mungu awape nguvu. Na Anko Hiram, ubao wangu hauzami pua. Ni wewe uliyeuchonga. Ilinipasa kukuambia pale sokoni, na sikujua, kwa sababu sikuwahi kuuliza.