Waya Niliyofunga kwenye Gramafoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na nyinyi wa viti vya nyuma, maana nyinyi ndio niliokuwa nawafokea zaidi!

Mimi ni Musyoka, dereva kwa kazi, mwalimu wa kwaya kwa wito. Kwa wageni, yule mama wa kilemba cha buluu pale dirishani ni mke wangu Nduku, Mama Mwende. Amenipa ruhusa ya kutoa ushuhuda huu, ila ameniambia nisijipunguzie makosa.

Tulihamia mtaa huu wa Umoja nyumba zikiwa bado zinanuka rangi, na kanisa hili likiwa mabati tu na benchi za kuazima. Ulevi nilikuwa nimeuacha, namshukuru Mungu. Lakini hasira, ndugu zangu, hasira niliingia nayo mpaka madhabahuni! Kwaya niliiongoza kwa mwavuli. Mtu akikosea noti, nilimtaja kwa jina mbele ya wote, na nilidhani hiyo ndiyo bidii kwa Bwana.

Siku hizo nilikuwa namwendesha mama mmoja Mjerumani, mwalimu wa muziki. Alipokuwa anarudi kwao akaniachia santuri moja kubwa. Alisema ni muziki wa kanisa lao, umetungwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na ndani yake kuna wimbo wa mtu aliyemkosea Bwana wake, anaomba rehema huku analia. Akaniambia, "Musyoka, huo usikilize ukiwa umetulia." Kutulia! Mimi!

Sasa, nyumbani nilikuwa na gramafoni kuukuu. Enzi zile sisi wote tulikuwa na santuri zile ndogo za dansi, kwa hiyo yangu ilikaa kwenye spidi ya santuri ndogo. Kidude cha kubadilisha spidi kilikuwa kimelegea, nikakifunga kwa waya kisinisumbue. Nilipookoka nilizitupa zile santuri za dansi. Waya nikaisahau.

Nikaweka ile santuri kubwa. Ndugu zangu, fidla zilitoka mbio kama kuku walioona mwewe! Halafu ikaja sauti ya mtoto, nyembamba, juu kabisa. Nikasema, kweli Ulaya kuna watoto wenye vipaji. Nilijiuliza kidogo mbona analia kwa haraka hivyo, nikajijibu labda kule ni baridi. Wiki mbili nzima niliandika wimbo ule kwa solfa nyuma ya kalenda, nikautia maneno yetu ya Kiswahili, nikaupeleka kwenye mazoezi ya Pasaka.

Kwaya iliona cha mtema kuni! Soprano waliimba wamesimamia vidole vya miguu. Tuliomba rehema kwa mwendo wa kumkimbiza mwizi. Mama mmoja alishikwa na kwikwi, nikamfokea na kwikwi yake.

Lakini aliyeumia zaidi ni Nduku. Nduku ana sauti ya chini, nzito, na ndiyo iliyonifanya nimpose kule Machakos. Mimi nikamlazimisha aongoze wimbo, awe mfano kwa wengine. Kila Jumamosi alijaribu, kila Jumamosi sauti ikamkatikia juu. Siku moja, kwaya yote ikisikia, nikamwambia, "Watoto wa Ulaya wanaweza, wewe mama mzima unashindwa? Sauti kama debe!"

Hakulia. Alifunga kitabu chake, akasema, "Basi Baba Mwende, hao watoto wakuimbie." Akatoka. Nusu ya kwaya ikamfuata.

Nduku aliendelea kupika, kufua, kunijibu kwa adabu. Ila aliacha kuimba. Mwanamke huyu alikuwa akiimba akichambua maharagwe, akiimba akimwosha mtoto, tangu siku aliyoingia kwangu. Sasa nilisikia maji ya mfereji tu. Wiki tatu! Niliogopa kwamba sitaisikia tena ile sauti maishani mwangu. Nikaomba, na hebu oneni kichwa changu kilivyokuwa: niliomba Mungu ambadilishe yeye!

Kisha gramafoni ikagoma. Jumamosi asubuhi nikaipeleka kwa Kariuki, fundi wa redio pale madukani, pamoja na santuri ya kuijaribia. Akafungua kifuniko, akaanza kucheka.

"Mzee, nani alifunga hii kitu na waya?"

"Ni mimi."

"Na unachezanga hii sahani kubwa hivi hivi? Ai! Kubwa inazungukanga polepole! Si umekuwa ukiikimbiza tu!"

Akaunganisha kilichokatika, akaitoa ile waya, akasukuma kidude, akaweka sindano.

Ndugu zangu! Fidla zilikuja polepole. Nikamngoja mtoto. Mtoto hakuja! Alikuja mwanamke mzima, sauti ya chini, nzito, anaomba rehema bila haraka, kama mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Ilikuwa sauti ya Nduku! Ile ile niliyoiita debe! Nililia pale katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo mpaka Kariuki akaniletea kiti. Nilikuwa nimewatesa watu kwa kukosa sauti ambayo Mungu hakumpa mtu yeyote.

Nikaibeba gramafoni mpaka nyumbani. Nduku alikuwa anachambua maharagwe. Nikaweka santuri iseme yenyewe, maana maneno yangu yalikuwa yameharibu vya kutosha. Alisikiliza mikono ikiwa kwenye ungo. Wimbo ulipokwisha akasema, "Huyu si mtoto."

"Si mtoto, Mama Mwende. Nisamehe."

Akanitazama, mpaka nikainamisha macho. Kisha akasema, "Rudisha mwanzo." Na mara ya pili, akaimba nao. Haleluya!

Jumamosi iliyofuata nilipiga magoti mbele ya kwaya. Mwavuli sasa ni wa mvua tu. Na santuri zimeongezeka: ninayo moja ya tarumbeta na ngoma, hiyo tunaicheza Krismasi, na nyingine ya fidla moja kubwa, ile mtu huishika kwa magoti, naisikiliza nikipiga viatu rangi. Lakini ile ya kwanza ndiyo ninayoipenda kuliko zote, hata mikwaruzo yake naijua.

Ndugu yangu unayefoka nyumbani kwako, usianze kwa kumwombea mwenzako. Kubali Yesu akufungue kifuniko, aone ulichofunga kwa mkono wako mwenyewe. Mimi alinicheka kidogo kwanza, lakini akanitengeneza!

Nimemaliza. Kwaya, simameni. Nduku, njoo mbele, mama. Anzia pale sauti yako inapokaa. Hatuna haraka.