Mzee Ernesti Shemweta, na Sababu ya Kuzikwa Mazinde

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu mliotoka Misima, Asalaam aleikum. Familia imemtuma Enock, mtoto wa dada wa marehemu, asome maneno haya mbele yenu, na kwa kuwa Enock anajulikana ukoo mzima kuwa hajui kufupisha, mlio juani mnaombwa msogee chini ya turubai, maana wengi wenu mmekuja na swali moja mioyoni, na swali hilo halijibiki kwa maneno mawili.

Marehemu Mzee Ernesti Shemweta alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 katika kijiji cha Rangwi, milimani Lushoto, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Petro Shemweta na Mama Yusta, ambao wote wawili wamelala kwenye migomba ya nyumbani kwao. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Rangwi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, akasifiwa kwa hesabu na kuchapwa kwa ubishi, na hakuendelea mbele kwa sababu nafasi za sekondari zilikuwa chache na ng'ombe wa baba yake walitaka mchungaji.

Mwezi Mei 1974 aliteremka nyikani, akaajiriwa katika shamba la mkonge hapa Mazinde, kwanza akikata mkonge, kisha akahamishiwa kiwandani kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani, ambako alifanya kazi mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2006. Watu wa milimani, kama mnavyotujua, huamini kwamba nyika ni mahali pa kutafutia, si mahali pa kukaa, na marehemu alimwahidi mama yake kwamba angekaa miaka mitatu tu kisha apande zake, ahadi ambayo kila mwaka aliisogeza mbele.

Tarehe 19 Novemba 1977 alifunga ndoa takatifu na Bibi Filomena, Parokia ya Rangwi, wakajaliwa watoto wanne, ambao watatu wako hai na mko nao hapa. Bibi Filomena alitutoka tarehe 3 Februari 2009, akazikwa Rangwi, na siku ile marehemu mwenyewe alipima kwa hatua zake nafasi iliyobaki ubavuni mwa kaburi la mkewe, akawaambia vijana waliokuwa wakichimba wasipande kitu pale, kwa sababu pana mwenyewe. Nyumba yake kule alikwisha kuipaua kwa bati jekundu, na mwaka uliofuata alifunga mizigo yake arudi kwao.

Ndipo alipozaliwa Zuena. Janeth, kitinda mimba wa marehemu, alikuwa ameolewa Misima, Handeni, na Sharifu, mkulima wa mahindi, kijana ambaye marehemu alimkubali baada ya kumsumbua vya kutosha, na tarehe 8 Juni 2010 wakapata mtoto wa kike aliyekuwa akitoka jasho la kichwa kila anaponyonya, asiyeongezeka uzito, akilazwa kwa nimonia mara kwa mara, akipona na kuugua tena. Kila mtu alitoa dawa yake, wa kukanda alikanda na wa kuombea aliombea, mpaka mtoto alipofikisha miaka minne ndipo madaktari walipoona kwamba moyo wake una tundu katikati, na kwa miaka yote hiyo damu nyingi ilikuwa ikisukumwa kwa nguvu kwenye mapafu.

Marehemu, ambaye miaka hiyo minne alikuwa akiahirisha safari kwa ajili ya mtoto, aliifungua ile mizigo. Alisema kwamba Misima ni mbali na hospitali, wazazi wana kilimo na mtoto mwingine mchanga, na yeye ni mjane anayekaa kando ya barabara kuu, basi mtoto akae kwake. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mzee wa miaka sitini na tatu akaianza kazi hiyo upya, akijifunza kusuka nywele na kupika uji usio na mabonge.

Tarehe 14 Aprili 2015 Zuena alifanyiwa upasuaji wa moyo Dar es Salaam, tundu likazibwa vizuri, tukashangilia, tukidhani yamekwisha. Lakini daktari alimketisha marehemu akamweleza kwamba mishipa ya mapafu ilikwisha kukakamaa kwa kupigwa na damu ile miaka yote, presha ndani yake bado iko juu, na inaweza kupanda ghafla hasa mtoto akilia, akiogopa au akikosa hewa ya kutosha. Siku ya tatu jambo hilo lilitokea mbele ya macho yake, mtoto alilia wakati wa kusafishwa njia ya hewa, midomo ikageuka rangi, mashine zikaanza kupiga kelele, wauguzi wakamtuliza kwa dawa na kumwongezea oksijeni, na baadaye muuguzi mmoja akamwambia marehemu, kwa upole tu, "Babu, huyu asilie."

Neno hilo alilichukua kama kiapo cha ndoa. Kuanzia siku hiyo, kazi ya Mzee Ernesti duniani ilikuwa kuhakikisha kwamba Zuena halii mpaka akakosa pumzi, na mlioishi naye jirani mtakumbuka mlivyomcheka, mzee mzima akiimba nyimbo za Kishambaa nje ya chumba cha sindano, au akimsihi jogoo wake asimtishe mtoto.

Hapa familia inasema jambo ambalo marehemu mwenyewe hakulificha. Daktari alikuwa amemwambia asimpandishe mtoto sehemu za juu, kwa kuwa kule hewa ni nyepesi na mapafu yake hayataiweza, lakini sisi watu wa milimani tukiona mtu anasumbuliwa na kifua, dawa ya kwanza tunayoitaja ni kumpeleka nyumbani akapate hewa safi ya baridi, na hakuna aliyewahi kutubishia. Marehemu alisema daktari yule ni mtu wa pwani, hajui hewa ya Rangwi. Tarehe 23 Desemba 2015 akampandisha Zuena kwenda kula Krismasi, ukoo ukawapokea kwa vifijo, na kesho yake mchana mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka hajibu akiitwa, midomo na kucha vimekuwa kama zambarau, huku shangazi zake wakimsogeza dirishani apate zaidi ya ile hewa safi.

Marehemu alimbeba akasimamisha gari la kabichi lililokuwa likishuka, akakaa mbele na mtoto kifuani, na kadiri walivyoteremka kona kwa kona ndivyo rangi ilivyorudi, mpaka walipofika Mombo mtoto akafungua macho akaomba maji. Mzee Ernesti alilia pale stendi mbele za watu. Alimpeleka mtoto hospitali, wakapewa oksijeni na karipio, na tangu siku ile hakumbishia daktari tena, nyumba ya bati jekundu akamwachia mtoto wa kaka yake, na safari zake za Rangwi zikawa za kwenda asubuhi na kurudi jioni, kwenye misiba tu.

Linalofuata ni gumu zaidi kusomwa mbele ya Baba Paroko. Dawa ambayo Zuena aliandikiwa kulegeza mishipa ya mapafu, ya kumeza mara tatu kwa siku bila kuruka, na ambayo haikatishwi ghafla maana presha hurudi kwa kishindo, ni ile ile ambayo wanaume wa mjini Korogwe wanaijua kwa kazi nyingine, na baadhi yenu mliopo mmewahi kuinunua, msiangalie chini. Hospitalini ikikosekana, marehemu aliifuata katika maduka ya dawa, mjane mwenye mvi, Mwenyekiti wa Jumuiya, akitaja jina la dawa dirishani kwa sauti kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja, wakamzulia mwanamke wa Mnyuzi, wakampa hata umri na nguo anazovaa, na mwaka 2018 Jumuiya ikamwomba apumzike uongozi.

Alipumzika. Sharifu alitaka kusimama barazani aeleze ukweli, marehemu akamkataza, akasema, "Mwanangu, ukisema, kesho shuleni watamwita mtoto jina la dawa hiyo, na jina halivuliwi. Waache wanicheke mimi. Mimi nilishaoa, yeye bado." Akaendelea kukaa benchi la nyuma kanisani, na waliomtania kuhusu mwanamke wa Mnyuzi aliwajibu kwamba hajambo, anawasalimu.

Leo haya yanasomwa kwa sababu jana jioni, katika kikao cha familia, Zuena mwenyewe, ambaye sasa yuko kidato cha kwanza Korogwe, alisimama mbele ya wazee, akawapa shikamoo, akasema, "Naomba msome yote. Watakaonicheka watanicheka. Babu asizikwe na aibu isiyokuwa yake." Basi mmesikia, na mwanamke wa Mnyuzi hayupo, hajawahi kuwepo.

Mwezi Agosti 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, iliyokuwa imekwisha kufika kwenye mifupa. Alitibiwa Korogwe na Tanga, na alipokuwa hawezi tena kusafiri alimkabidhi Sharifu kazi ya dawa na kliniki, akamfundisha kumsikiliza mtoto anavyohema akiwa amelala, na alipoambiwa mwezi Juni mwaka huu kwamba presha ya mapafu ya Zuena imeshuka ingawa haijaisha, aliomba aletewe kahawa, akanywa yote.

Mwezi Julai kaka yake mkubwa, Mzee Semboja, aliteremka na wazee watatu wa ukoo kumweleza kwamba nafasi ubavuni mwa Filomena imefyekwa na kusafishwa, na gari la kumpandisha limeshapatikana siku Mungu atakapoamua. Marehemu aliwashukuru, kisha akasema, "Kaka, mkinizika Rangwi, Zuena atakuja kuniaga, hamtamzuia. Huko juu atapumua nini?" Mzee Semboja alimjibu kwamba mtoto anaweza kuagia hapa nyikani, kisha wakubwa wakapanda. Marehemu akasema yeye hakukaa miaka yote hii ili mtoto huyu aagie barabarani kama abiria, na kwamba Filomena, kwa jinsi anavyomjua, angemfukuza akimwona amefika peke yake na kumwacha mjukuu chini.

Wazee walipanda bila kuafiki. Ukoo wetu haujawahi kuacha mtu nyikani, hilo halina ubishi, na palikuwa na maneno makali ambayo hayasomwi hapa. Mzee Ernesti alifariki dunia nyumbani kwake Mazinde, Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, alfajiri, akiwa na miaka sabini na minne, na jana Mzee Semboja, ambaye ana miaka themanini na moja, alifika na vijana kumi na majembe yao ya Rangwi, hakusalimiana na mtu, akawauliza wenyeji ni wapi, akapiga jembe la kwanza yeye mwenyewe. Kaburi mtakaloliona limechimbwa na watu wa kwao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa moyo waliompokea mjukuu wetu, na wale wa Korogwe na Tanga waliomuuguza babu yake, majirani wa Mazinde, wazee aliofanya nao kazi kiwandani, Jumuiya yake, ambayo tumesameheana nayo, na ndugu zetu wa Misima, hasa Bibi Mwatumu, mama yake Sharifu, aliyeacha shamba lake likipaliliwa na watu wengine ili akae na mgonjwa.

Tunalo ombi moja kabla ya kwenda. Zuena ataweka udongo wa kwanza. Anatembea polepole na atasimama njiani, hivyo tunaomba mtu asimsukume wala asimbebe, apewe nafasi yake mpaka afike, na akina mama mpunguze sauti wakati huo, si kwa kuwa marehemu hastahili kuliliwa kwa nguvu zote. Ni kwa kuwa tangu jana mtoto amejizuia. Akifika pale atalia, tunajua, Janeth na Bibi Mwatumu watakuwa wamemshika na Sharifu ana mtungi wa oksijeni, lakini kumtuliza huyu ilikuwa kazi ya mtu mmoja, na leo ni mara ya kwanza analia naye yuko karibu hivi, hanyanyuki.

Babu Zuena, mtoto yupo hapa, anapumua. Pumzika kwa amani.