Dakika Tano za Maji ya Moto

Nakiri kosa langu: ndani ya gari linaloning’inia kwenye waya angani, tukishuka kutoka mji wa El Alto ulio juu mlimani, nilidhani wale wawili ni mke na mume, nikawaomba wapatane. Kumbe yule bwana, Don Casimiro, ni msimamizi wa nyumba ya kupanga, na yule bibi, Doña Nieves, ni mpangaji humo.

“Unazima umeme wa maji ya moto bafuni mtu ana povu kichwani!” Doña Nieves alifoka. “Dakika tano zinatosha, mama. Mimi naoga kwa tatu.” “Na upara huo, hata moja nyingi!”

Abiria tukageukia dirishani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Doña Nieves akatoa bahasha: “Wapangaji wote tisa tumetia sahihi barua hii. Nampelekea mwenye nyumba sasa hivi, akuachishe kazi.”

Tukafika kituoni, mlango ukafunguka, Doña Nieves akashuka. Don Casimiro akamkimbilia, kofia mkononi: “Basi saba, Doña! Dakika saba, usiipeleke!”